Dohani

Mahakama imenituma na kalamu, utepe na daftari
nikaitie bei nyumba ya marehemu Taibali,
ili warithi saba waache kusalimiana kupitia mawakili.
Lango limeliwa na chumvi. Nililisukuma kwa bega.

Nyumba yenyewe ilitaka kuwa kwingine.
Aliyeijenga, mkubwa mmoja wa reli,
aliagiza ukuta mweupe ufungwe boriti nyeusi,
za kusimama, za mshazari, kama mbavu za ng'onda,
mfano wa nyumba za kwao, alisema, za zama za wafalme.
Fundi Shekuwe akazikata mikokoni, akazipaka lami,
akauliza: "Zabeba nini, bwana?"
Akajibiwa: "Hazibebi kitu. Zakumbuka."
Fundi akacheka hata ngazi ikacheza.
Mchwa hawakucheka. Waliila kumbukumbu yote
wakaiacha lami imesimama peke yake.

Na jina la mtaa, Tudor, bibi yangu hakuliweza.
Alisema Tuda,
kama tunda lililodondosha herufi njiani.
Alishuka Rabai kungali giza, akavushwa pale Jomvu,
akaingia kwa mlango wa jikoni miaka kumi na tisa,
kufua, kupiga pasi.

Nimepanda juu kupima vyumba.
Dirisha la magharibi lingali na vioo vyake, kasoro kimoja.
Ng'ambo ya maji, mabati ya Mikindani yanarusha jua machoni,
matangi meusi, mnara wa simu,
na nyuma ya vyote, vilima vya Rabai
vimejikunja buluu kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Hapa ndipo meza yake ya pasi ilipokaa.
Kwao alikuona kila siku, kwa kioo cha mtu.

Chini, sebuleni, meko.
Meko ya kuotea moto, Mombasa!
Mji ambao hata ukuta hutoa jasho.
Kila Desemba, usiku mmoja,
mkubwa aliamuru kuni ziwashwe, madirisha yote wazi,
akakaa mbele ya moto na koti lake la sufi,
jasho likimchirizika hadi kwenye viatu,
akimsimulia mbwa habari za theluji.

Siku zilizobaki za mwaka, meko yalikuwa ya baba yangu.
Bibi ndiye aliyeyagundua:
dohani ile ndefu huukamata upepo juu ya paa
ukashuka nayo polepole kwenye jiwe lisilojua jua.
Alitandika leso, akamlaza mwanawe penye nafasi ya kuni,
akarudi juu kwenye pasi yake ya makaa.
Moto mkononi mwake,
baridi kwa mtoto.

Siku moja mkubwa alirudi mapema.
Akamkuta. Akasimama. Hakusema neno.
Kesho yake alikuja mhunzi akaweka wavu wa chuma,
na hadi tulipomzika bibi hakuwa amekata shauri:
ulikuwa wa kumzuia mtoto asiingie,
au asibingirike akatoka?
"Ulikuwa na kijilango," alisema. Basi.

Nimeupima. Wafika goti.
Kijilango kimeshikana kwa kutu, sijui ndani wala nje.
Fomu yauliza hali ya meko.
Nimeandika: Hayajatumika.
Nimekata.
Nimeandika: Yametumika sana, hayana masizi.
Hilo nalo hakimu hatalielewa.

Simu ikalia. Mrithi wa nne:
zile mbao nyeusi za mbele, zina soko?
"Hazibebi kitu," nikamwambia, nikakata.

Kisha nikapiga magoti, mtu mzima na tai yangu,
nikapitisha kichwa juu ya wavu.
Giza. Harufu ya popo, ya tope la mikoko maji yakitoka.
Halafu ukashuka, shingoni,
taratibu, kama mtu aangaliaye asimwamshe mwingine.

Nyuma yangu utepe ulijikunja wenyewe sakafuni.