Kuhesabu Tena

Saa kumi alfajiri. Kibokoni imelala na feni zake,
simu yangu i kwenye chaja kama mgonjwa kwenye dripu.
Kwa Barke ni saa mbili usiku, Jumanne bado;
huku Jumatano ishaanza kupiga miayo.
Vituo vimefungwa, baba, asema. Wameanza.

Jimbo lake dogo. Ungelitia ndani ya Kwale
na ng'ombe wa Kinango wakabaki na malisho.
Wala rais hayumo mwaka huu:
ni uchaguzi wa katikati, wa watu wenye subira,
gavana, kiti cha kongresi,
na chini kabisa ya karatasi, pale wino unapochoka,
mkaguzi wa hesabu.
Mwanangu amegonga milango mia nne kwa ajili ya huyo mkaguzi,
bibi mwembamba aitwaye Haldane,
katika mvua ya Novemba ambayo, asema, haijui kunyesha ikakoma.

Namuuliza: na masanduku?
Nani ayatoa chumba hiki kuyapeleka chumba kile?
Acheka. Baba, kila mara wauliza sanduku.

Kiti cha kongresi kikaenda kabla sijamaliza kikombe cha kwanza,
kikarudi kwa mwenye kukikalia,
kama paka na kochi lake.
Gavana, hamsini na nane kwa mia;
mpinzani akampigia simu kumpa hongera.
Nikamwambia Barke arudie hapo.
Akampigia?
Akampigia, baba.

Lakini mkaguzi!
Mia mbili mbele. Tisini nyuma. Kumi na moja mbele.
Mji wa kiwanda cha vifungo ukaja, ukambeba;
kitongoji cha wastaafu kikaja, kikambwaga.
Adhana ikatoka, nikaswali na simu chini ya mto,
na Mola anisamehe,
rakaa ya pili sijui kama ilikuwa ya pili.

Maana mimi nalikuwa karani.
Shule moja upande wa Majengo, jina silitaji.
Taa zilizimika dakika kumi na tano.
Zilipowaka karatasi zilikuwa pale pale,
zimepangwa vizuri kuliko nilivyozipanga mimi.
Hilo ndilo lililonitisha, ule uzuri.
Msimamizi akanipa kalamu, fomu ishajazwa,
akaniuliza habari za nyumbani.
Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba.
Nikatia sahihi. Mkono haukutetemeka.
Miaka thelathini na moja nautazama mkono huu ukimenya machungwa,
ukifunga vifungo vya kanzu,
nikingoja utetemeke.

Saa moja na nusu, ujumbe:
Tumeshindwa. Kura arubaini na moja.
Nikaandika: Nani ameiba?
Nikafuta.
Nikaandika: Pole mwanangu. Nikafuta na hiyo, nyembamba mno.
Ukaja wa pili kabla yangu:
Watahesabu tena Jumatatu, ukumbi wa maktaba,
mbele ya yeyote atakayekuja. Ndiyo sheria.
Mimi nalala sasa, kesho nina zamu.

Nalala sasa!
Arubaini na moja, na hakuna duka lililovuta shata,
hakuna tairi lililochomwa njia panda,
hakuna mama aliyemwita mwanawe aingie ndani,
na mtoto wangu avua viatu vyenye maji, alala.
Nikakaa na simu mkononi hata ikajizima.
Sikujua kama nalia kwa ajili yake
au kwa ajili ya watu wa Majengo,
waliopanga foleni tangu saa tisa, wengine na watoto mgongoni,
na hawakunikosea kitu.

Chini, Nyanje wa mkokoteni abisha.
Bomba letu lina wiki mbili halijakohoa hata tone.
Madumu ishirini, mzee, kama siku zote.
Mkono ukaingia mfukoni kulipa, kama siku zote.
Ukasita.
Ngoja kidogo, nikamwambia.
Akaning'iniza tambara lake la jasho kwenye mpini, akanitazama,
hakuudhika, hakufurahi.
Nikaanza na lile la manjano, karibu na gurudumu,
nikaligusa kwa kidole.
Moja.