Waya wa Tatu

Kinu cha Kagehi kikianza kusaga, saa mbili asubuhi,
stima ya Luanda hupiga magoti.
Balbu hugeuka rangi ya uji wa wimbi,
na kisanduku changu, nilichokiunda kwa transfoma
ya amplifaya iliyofia matangani,
kinashuka: kumi na mbili, kumi na moja, kumi.
Kinanda cha kanisa, nilicholetewa nikijaribie,
kinaimba kama mtu aliyekaliwa kifuani.

Nilianza na mngurumo.
Kapasita moja, nene kama gunzi:
ishibe wimbi likipanda, itapike likishuka
(wimbi hili si la uji).
Mngurumo ukanyamaza. Volti zikaendelea kuanguka.

Nikaweka zena, daiodi kaidi, isiyobadili neno.
Nikaweka transista ya chuma, na mgongoni pake
nikaifunga kipande cha sufuria ya mama,
ile iliyotoboka, joto lipate pa kwenda.
Kisha transista ndogo, karani tu:
inasoma kinachotoka, inalinganisha na neno la zena,
kikipungua inamnong'oneza mkubwa, fungua,
kikizidi, bana.

Siku hiyo kinu kilisaga magunia mawili ya Isigi
na mshale wa mita haukutikisika.
Nikapiga mluzi. Nikamwita Asava aje aone.

Asava hakuutazama mshale.
Alichomoa vijiti vya mita, akaufuata waya
hatua nne, hadi unapoingia kinandani,
akagusa.
Kumi na moja.
"Chakula umekipima chunguni," akasema.
"Sahanini kimefika kiasi gani?"
Akarudi kwenye redio yake, akaniacha.

Waya wangu mwembamba ulikuwa unakula njiani
kama dalali.

Nikakaa kitako juu ya kreti.
Nikamkumbuka Mideva, dada yangu, kule Kisumu,
ninayemtumia pesa kila Ijumaa,
nikijiambia yuko sawa
kwa kuwa zikitoka kwangu huwa kamili.

Jioni nikavuta waya wa tatu,
mwembamba kuliko wote, hauna mzigo wa kubeba,
kutoka kinandani kurudi kwa karani.
Kazi yake habari tu.
Sasa karani hasomi tena mlangoni;
anasoma kule mbali, kwenye mdomo wa mlaji.

Kesho yake kinu kikanguruma.
Kisanduku kikapanda hadi kumi na tatu
ili kule zifike kumi na mbili.
Asava akabonyeza sauti ya chini kabisa, akaishikilia,
akaishikilia, mpaka Kagehi akachungulia
kuuliza nani amefariki.
Haikuyumba.

Nikampigia Mideva.
Sikuuliza habari, maana jibu lake nalijua.
Nikauliza: jana usiku mlikula nini?

Akanyamaza kwanza.
Nikangoja, kidole juu ya sufuria,
joto likipanda.