Lita Mbili

Saa kumi alfajiri, mvua imeuegemea mlango,
na Amadeu kasimama jikoni kwangu na soksi zilizoloa,
mkononi jagi la bati, tupu.
Miaka kumi na mitatu. Mtoto wa kaka yangu.
"Shangazi, nimelinywesha lori."
Nikamwambia vyema, rejeta ilikuwa na kiu.
"Si rejeta," akasema.

Alikuwa amefungua tundu la oili, gizani,
tochi kaibana kwa meno,
akamimina jagi, akaenda bombani, akarudi, akamimina tena,
kwa upole, bila kumwaga tone.
Ndipo akanusa vidole.

Nilikuwa na swali moja tu, nikaogopa kuliuliza.
Nikatafuta koti kwanza. Nikavaa buti la kushoto.
"Umewasha?"
"Sijawasha."
Ufunguo nikauvua msumarini, nikautia kifuani,
baridi yake ikanipenya hadi mgongoni,
nikashukuru.

Wahenga walisema maji na mafuta hayapatani.
Hawakuwahi kuwa na injini.
Washa dakika moja tu uone yanavyopatana:
kila kipande cha chuma kinayapiga kama yai,
yanakuwa uji wa rangi ya kahawa na maziwa,
mzuri kwa macho, haulainishi kitu,
na vyuma vinaanza kutafunana.

Najua. Lori letu la kwanza lilikufa hivyo
kwenye mwinuko wa Rosais, madebe yamejaa nyuma.
Belmiro alikuwa ameuona ule weupe chini ya kifuniko
siku nne kabla, gasketi imeungua;
aliufuta kwa kitambaa, akafunga, akanyamaza.
Na damu ya kikohozi aliifuta hivyo hivyo,
akakunja kitambaa, akanyamaza.
Nyumba hii imezika injini moja na mume mmoja
kwa ugonjwa mmoja.

Sikumpiga mtoto. Nilimpa spana.

Tukalala chali kwenye tope, kichwa kwa kichwa,
beseni la jibini chini ya nati.
"Polepole. Robo mzunguko. Ngoja."
Maji ni mazito kuliko oili, yalikuwa yameshakaa chini,
yakatoka kwanza, maangavu, hayana habari,
kana kwamba yalikuwa yanapita njia tu.
Kisha uzi mweusi. Kisha oili yenyewe, imekasirika.
Amadeu akayapima kwa jagi lile lile.
Wanasema yakimwagika hayazoleki; sisi tuliyazoa,
yakapungua kikombe kimoja.

Kikombe hicho ndicho kilichotula siku nzima.
Filta mpya. Oili ya bei rahisi niliyokopa kwa Gaspar, ile ya trekta;
kuwasha, kuhesabu hadi mia, kuzima, kumwaga.
Ikatoka na ukungu.
Tena.
Na ng'ombe hawajui habari za oili: madebe kumi na tisa
yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, chini ya haidrenjia,
Gaspar akayasomba kwa tela lake la samadi, kalisugua kwa chumvi,
na kiwandani wakayapokea kwa kununa.
Mara ya tatu kijiti kikatoka na rangi ya asali.
Nikamwonyesha Amadeu. Hakuyaamini macho.
Akanusa.

Nilimwambia nitamkata euro moja kila Jumamosi
mpaka deni la oili liishe.
Jumamosi tano zimepita. Anaileta, anaiweka mezani,
naisahau hapo, jioni inarudi mfukoni mwake,
na hakuna anayeliongelea.

Kifuniko nimekipaka rangi nyekundu ya kucha.
Bado kila alfajiri nakifungua, namulika ndani,
na yeye kasimama nyuma yangu, kashika pumzi.
Hakuna weupe. Weusi mtupu, mzuri.
"Washa," namwambia,
na ufunguo ninaompa
una joto langu.