Benchi la Juu

Kwenye sauna ya ushirika, mjini Kemi,
umepigiliwa ubao wenye amri sita.
Ya nne: Mzaha wa kuudhi, nje.
Ya tano: Mlango usiachwe wazi.
Ya nne haisemi audhiwe nani.
Hilo analijua Raimo,
mhasibu mstaafu, mshika kata ya maji,
akaaye benchi la juu, kisogo kikigusa dari,
pale ambapo joto lenyewe huomba ruhusa.

Jumanne, zamu ya wanaume,
Aarno alisema mkewe akinuna
hata jiko hujizima, kwa adabu.
Raimo alicheka hadi kata ikamtoka mkononi.
Tukacheka nasi, wengine kwa mbavu,
wengine kwa hesabu:
nani akae na uso mkavu
na mwenye maji anacheka?

Jumanne ya pili, Tuure,
kijana wa kiwanda cha karatasi, mwenye kigugumizi,
aliyekaa benchi la chini miezi mitatu
bila kutoa kitu ila jasho,
alikohoa. Tukamgeukia.
P-paka wangu, alisema, akinuna,
hata jiko hu-hujizima. Kwa adabu.

Jiwe moja likalia tsss.

"Nje," alisema Raimo.
"Humu kuna watu wanaofuga paka."

Mkuki ni ule ule; aliyebadilika ni nguruwe.

Nikauliza, na hapo ndipo nilipojichongea:
mbona Aarno?
"Aarno tunamjua. Aarno anatania."
Na Tuure?
"Tuure amesema."
Akanitazama kama tarakimu isiyolingana,
akanionyesha mlango kwa kata.

Basi tukasimama thelujini, watu wawili, taulo mbili
(kwa kweli moja na nusu),
digrii kumi na nane chini ya sifuri,
mvuke ukitupanda mabegani kama mikate.
Hapo Tuure akaniambia kwamba hana paka.
Hajawahi kuwa na paka.
Alimwazima kwa ajili ya ule mzaha tu,
kwa kuwa mke pia hana.
Alisema yote hayo bila kukwama hata herufi moja,
nami nikacheka mpaka mbwa wa ng'ambo akabweka.

Kidirisha kikapanguswa. Jicho la Raimo.
Mlango ukafunguka upana wa pua:
"Mmesema nini?"
Joto likatupita mbio, likaenda zake usiku.
"Amri ya tano, Raimo," alisema Tuure.

Juma lililofuata ubao ulikuwa na amri ya saba,
rangi bado mbichi:
Kucheka nje ni marufuku.
Aarno akauegemea kwa mgongo mtupu.
Alipogeuka, sheria ilikuwa imemkaa mgongoni,
kinyumenyume.
Raimo akaangua kicheko.

Sisi wa chini tukashika magoti yetu,
tukangoja kuambiwa
hiki cha leo ni kicheko cha namna gani.