Kodi Hulipwa Mbele

Mama Aikande alipiga plasta ukuta wa nje tu,
upande unaoonekana barabarani,
kisha akaja mlangoni na kijidaftari:
kuanzia Januari, arobaini na tano.
Ndani udongo uleule,
msumari uleule wa kutundikia kanga.
Nikamuuliza, plasta hii ni ya nani?
Akasema, ya nyumba.

Sikugomba.
Naye ana mjukuu chuoni,
na vyumba vyake sita ndiyo kahawa yake
tangu mibuni ya kihambani igeuke viwanja.

Nikampigia dalali, anaitwa Shabi,
anakaa Njoro pale kwenye mashine ya kusaga.
Elfu kumi ya kuonyeshwa, hairudi.
Tukatembea.

Pasua: mlango wa chuma, sakafu inang'aa.
Kimechukuliwa saa tatu asubuhi
na wanafunzi wanne, kodi wamechangiana.
Majengo: dirisha moja, linatazama choo,
na mita ya umeme mnashirikiana na saluni.
Mabogini: "Kipo, dada, ila maji ya mashamba ya mpunga
huwa yanapita kusalimia."
Msaranga, mwenye nyumba aliniangalia mikononi
kama vile watoto nimewaficha humo.
"Wangapi?"
Wawili.
"Wanalia?"
Nikafikiria kusema uongo, ukakataa kutoka.
Wanalia, nikasema. Ni watoto.

Na wote, hata yule wa choo, neno lao moja:
miezi sita, mkononi.
Cha hamsini, mara sita, laki tatu.
Na ya Shabi ya mwezi mmoja, laki tatu na nusu.
Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu kwa simu.
Simu ikakubaliana na vidole.

Mimi nalipwa nyuma.
Nafagia mwezi mzima ndipo nahesabiwa,
laki na ishirini, tarehe tano,
au kumi, au bosi akikumbuka.
Kodi hulipwa mbele.
Hapo kati, pasipo na mtu,
ndipo tulipo sisi watatu na godoro.

Nafagia Shanti Tauni.
Nyumba ina vyumba saba, mwenyewe yuko Dar,
hupanda Desemba na familia, mbuzi wakachinjwa,
wakashuka kabla mifupa haijakauka.
Miezi mingine iliyobaki, kila Jumatatu,
nafungua madirisha chumba kwa chumba
ili vyumba vipumue.
Kuna chumba hata jina hakina.
Nakitandika, nakifuta vumbi, nakifunga.

Kijana wa jirani anayesomea udaktari
aliniambia huku akicheka:
hilo jina ni la Kizungu,
maana yake mtaa wa vibanda.
Nikamwambia, rudia.
Akarudia.
Nikaangalia ua, mijakaranda,
mbwa mwenye kibanda cha bati jipya,
nikasema, basi aliyegawa majina
alikosea mlango.
Nikaendelea na majani, maana yalikuwa yanaanguka.

Jumapili nilikwenda kwa Ndeshi.
Zamu yake ya upatu ni Januari, yangu Machi.
Alikuwa ameshainunulia hela yake bati, kichwani.
Alinyamaza mpaka chai ikapoa,
akasema, chukua,
ila sufuria lako kubwa lilale kwangu.
Sufuria likalala kwake.

Mama Aikande akapokea ya miezi mitatu,
"kwa kuwa wewe ni mwenyeji",
akalowesha kidole, akahesabu mara mbili,
akaandika jina langu kwa kalamu ya mjukuu.
Nikapata ujasiri sijui wapi:
Na ndani, mama, plasta utapiga lini?

Hakukasirika. Aliniangalia kwa huruma kabisa,
kama mtu anayemzuia mtoto asiguse jiko.
"Nikipiga na ndani, mwanangu,
utaweza?"

Nikaingia.
Nikatundika kanga.