Magunia Kumi na Manne

Hesabu za mwaka mzima nilikabidhiwa ndani ya boksi la viatu,
namba arobaini na mbili, vya mwanamume.
Kiborloni, kituo cha watoto wasiosikia,
ofisi yenye kalenda ya mwaka juzi
na picha ya wafadhili, mlima nyuma yao
umejitokeza siku hiyo moja kwa heshima ya kamera.

Mimi ni mkaguzi wa bei nafuu.
Nilipewa chai, maandazi mawili, kiti kinachoyumba.
Mwalimu Aisaria, mwanzilishi, akasema, "Utaona kila kitu kipo."
Kilikuwepo.
Risiti zimebanwa kwa pini, mwezi kwa mwezi,
ila kalamu ni moja, na mkono ni mmoja,
ule unaoikata saba kiunoni.
Mkaa, Januari: risiti namba 871.
Mkaa, Machi: 872.
Mkaa, Mei: 873.
Duka zima, nusu mwaka, mteja mmoja!

Mali bila daftari hupotea bila habari,
tulikaririshwa hivyo chuoni.
Hakuna aliyetuonya kuhusu habari
zinazopotelea daftarini.

Nikaenda jikoni.
Gesi inanung'unika chini ya sufuria la makande.
Nanzia, mpishi, akafuta mikono kwenye khanga,
akanionyesha ukuta wa stoo, vijistari vya chokaa, vitano vitano:
unga, maharage, mafuta ya kula.
Pembeni, sahani: thelathini na moja.
Kuanzia Aprili, thelathini.
Sikuuliza. Sahani hazikuwemo katika hadidu zangu za rejea.
Niliuliza mkaa.
"Mkaa? Tangu tuletewe gesi, hata masizi nimeyasahau."

Magunia kumi na manne, kila moja elfu arobaini na tano,
jumla laki sita na elfu thelathini.
Nilimsomea taratibu, kama mtu anayesoma barua isiyo yake.
Nje goli lilifungwa; mikono yote ikapaa, ikazungushwa hewani,
ndivyo wanavyoshangilia.
Aisaria akavua miwani.

"Unamkumbuka Mbazi?
Samahani. Hukumjua."

Homa ya siku tatu. Kwao Gonja, ana bibi tu.
Jeneza, laki mbili na themanini.
Gari hadi Gonja, laki mbili na nusu.
Shuka jeupe, elfu ishirini na nne.
Chakula cha waombolezaji, elfu thelathini na tano.
"Fomu yao ina kasma ya nishati," akasema,
"ina kasma ya mapokezi ya wageni, ina ya mabango.
Ya jeneza haina. Ningewaandikia nini?
Kwamba fedha za kupikia tumezikia?"

Nilimwonea huruma. Naandika hili ili lijulikane.
Kisha nikajumlisha, maana huruma haijui kujumlisha.

"Mwalimu, bado elfu arobaini na moja."

Akahesabu kwa vidole. Akarudia, kuanzia kidole gumba.
Midomo ikicheza bila sauti, akawa kama wanafunzi wake.
"Sikumbuki," akasema.
Na mimi, niliyesomea kujua uongo unavyokaa usoni,
sikujua.

Usiku umeme ulikatika mtaani kwetu Pasua,
nikaandika kwa tochi ya simu.
Mkaa: haukununuliwa.
Jeneza: moja, futi nne.
Shilingi elfu arobaini na moja: mhusika hakumbuki.

Hapo nikasita.
Nikatafuta neno lenye staha zaidi.
Yapo mengi, ya kupanga na kuchagua,
na kila nililolishika
liliniachia weusi vidoleni.

Nikaliacha lile lile.
Chini yake nikapendekeza mawili:
Nanzia asaini kila kinachoingia stoo,
na nakala ya ripoti hii ibandikwe getini,
usawa wa macho ya mtoto.