Kati ya Kisanduku cha Sita na cha Saba

Nilimchora kwa kalamu ya kuchovya, Inspekta Mbwego,
miaka mitatu ya usiku, juu ya meza ya cherehani ya mama,
na Tanga nikaitia wino:
nikaizima Chumbageni nyumba kwa nyumba,
nikaacha dirisha moja, na moshi.

Wino ni mtiifu. Ukitaka giza, unamimina.
Jua la saa saba Ngamiani halimiminiki.

Semkiwa alikuja na kamera, katuni yangu kwapani,
imechakaa kuliko nakala yangu mwenyewe.
"Nitaifuata," akasema, "kisanduku kwa kisanduku.
Siongezi mstari. Sipunguzi."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kuna kivuli cha ngazi, ukurasa wa nne,
nilikipinda vibaya; nilikuwa na miaka ishirini,
hesabu za mwanga sikuzijua.
Ukuta tukaupata Barabara ya Kumi na Nne,
ngazi tukaazima kwa fundi rangi,
jua likakataa kukosea kama mimi.
Mwanatumu wa taa akashusha, akapandisha, akatukana kwa Kibondei,
mwisho akaomba masizi ya sufuria kwa jirani,
akakipaka kivuli ukutani kwa kiganja,
kosa langu lote, pindo kwa pindo.
Mwenye nyumba akauliza, "Kitafutika hiki?"
Tukamwambia kitafutika.

Mvua tuliikodi, kwa saa, kwa mpira wa zimamoto.
Watoto wakaja na sabuni.
Damu ilikuwa rozela, rangi pekee katika filamu nzima,
na sisimizi waliifikia kabla ya kamera.

Naye Chamwenye, muuza vipuri vya baiskeli,
tuliyemvika koti la Mbwego,
alikatazwa kutabasamu siku kumi na saba.
Wasomaji husema: uso ule umebeba uchungu wa mji.
Kweli ni kwamba sijui kuchora meno.

Kisha ghala la mkonge.
Kisanduku cha sita: mlinzi ameinua kandili.
Cha saba: kandili iko sakafuni, ingali inawaka,
na wekundu umeanza kuitafuta.
Kati yao ukanda mweupe, upana wa kidole cha mwisho.

"Hapa," Semkiwa akaugusa weupe, "nani alimpiga?
Alitokea wapi? Mkono upi?"
Nikamwambia: hapo ndipo msomaji anapoingia,
yeye ndiye muuaji.
Jibu zuri. Nimelitumia sana.

Sikumwambia habari za mjomba Mhina,
aliyekwenda zamu ya usiku na chai ndani ya chupa ya bluu,
ikarudi chupa.
Polisi waliandika mistari miwili, mmoja wao tarehe.
Usiku ule mama alishona mpaka alfajiri
gauni lisilokuwa la mtu.
Sikuacha weupe kwa ufundi.
Niliuacha kwa sababu sijui.

Alingoja. Sijui alisoma nini usoni pangu.
"Mwanatumu," akasema, "geuza taa kubwa.
Iitazame kamera."

Picha ikaungua. Ghala likawa karatasi.
Kwa hesabu ya kumi hakuna aliyemwona mwenzake;
nikasikia nyuzi za mkonge zikisugua ukuta,
mtu akimeza mate, karibu sana,
labda ni mimi.
Taa ilipozimwa, kandili ilikuwa sakafuni.
Mlinzi wetu alikuwa bado ameinua mkono, mtupu.
"Nani ameiweka?" Semkiwa akauliza.
Tukatazamana.
Tukaendelea na kisanduku cha nane.

Juzi nilipita Barabara ya Kumi na Nne.
Ukuta umepakwa chokaa mara mbili, kivuli kingali kinapenya,
na watoto wanakipanda kwa vidole.
Ngazi yenyewe tuliirudisha siku ile ile.